Kabla ya Kuchagua Ubao, Mchague Anayekuuzia

Sisi hatuuzi mbao. Kazi ya karakana yetu hapa Kisauni ni kuranda, kupasua na kunyoosha mbao zilizonunuliwa kwingine, na wateja wetu wengi siku hizi ni watu wenye ajira zao nyingine: mwalimu anayejitengenezea rafu ya vitabu, karani wa bandarini anayemuundia bintiye kitanda, mstaafu aliyepania kutengeneza kasha la kizamani kwa mkono wake mwenyewe. Swali lao ni moja. Mbao ngumu nzuri Mombasa zinapatikana kwa nani? Kwa kuwa hatuna mzigo wa kumsukumia mtu, tunajibu kama tunavyoona. Ubao ukishapita kwenye mashine haufichi kitu, na sisi tunajua upi umeuzwa na mtu anayeijua kazi yake na upi umeuzwa na mtu aliyetaka tu kuuondoa machoni pake.

Majina ya maduka hatutayataja, maana yadi iliyokuwa na mvule mkavu mwezi uliopita huenda leo ina mvule mbichi. Tutaeleza namna ya kumtambua muuzaji mzuri popote alipo, awe na ghala kubwa au kibanda cha mabati kandokando ya barabara ya Malindi.

Kwanza uielewe hali yenyewe. Muuzaji wa mbao Mombasa anaishi kwa wajenzi. Anachouza kwa wingi ni saiprasi, paini na mkaratusi, mbao za paa na za kumwagia zege. Mbao ngumu huwa nyuma kabisa, na wanaozifuata ni mafundi wa samani ambao wanazijua kwa kuzishika tu. Ukifika wewe wa mara moja kwa mwaka na kuuliza kama mahogani ipo, utaonyeshwa chochote chenye wekundu, na mara nyingine ni mkaratusi uliopakwa rangi. Si lazima iwe hila. Wauzaji wengine wenyewe hawajui wana mti gani, kwa sababu waliununua kwa lori bila kuuliza.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: mbao hii imetoka wapi? Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, biashara ya mbao nchini iliegemea sana mbao za nje, na hata baada ya rais kutangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, mbao nyingi ngumu tunazoletewa bado zimevuka mpaka. Mtiki mzuri unatoka mashamba ya serikali ya Tanzania kama Longuza kule Muheza, si mbali na mpaka wa Lunga Lunga. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, kuanzia Tanzania kwenda kusini. Anayekuambia mninga wake umekatwa Kwale hajui anachouza. Mvule na mbambakofi, ambao Watanzania huuita mkongo, hupatikana hata kwetu pwani, na hapo ndipo uulize kwa makini zaidi. Miti hiyo imo katika hifadhi ya Shimba Hills, imo pia kwenye misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008. Ubao wa mbambakofi wa bei ya kutupa usio na maelezo yoyote, uache hapo hapo.

Muuzaji mzuri hajibu swali hili kwa hasira. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye daftari atakuambia lori liliingia lini, likitoka wapi, na kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, au cha TFS, wakala wa misitu wa Tanzania, atakuonyesha. Mbambakofi, mninga na mkangazi viliwekwa chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022, yaani mbao zake zikivuka mpaka zinahitaji hati. Miti ya jamii ya mpingo ilitangulia tangu 2017. Wewe unayenunua mbao mbili hutaulizwa hati ya lori zima, lakini dai risiti yenye jina la mti na vipimo, na uwe nayo garini unaposafirisha.

Unyevu ndio kesi kubwa

Kama kuna jambo moja tunaloomba ulikumbuke, ni hili la unyevu. Mbao nyingi zinazorudishwa kwetu zikiwa zimepinda au kupasuka hazikuwa mbaya, zilikuwa mbichi.

Hewa ya Mombasa ni nzito mwaka mzima. Ubao uliokaa kivulini kwa muda wa kutosha, penye upepo, hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 14. Hauwezi kukauka zaidi ya hapo kwa hewa yetu, hata ungekaa miaka kumi. Kwa meza itakayokaa barazani Mji wa Kale hiyo inatosha kabisa. Lakini meza hiyo hiyo ukiiweka katika ofisi yenye kiyoyozi mchana kutwa, unyevu wake unaweza kushuka hadi asilimia 10 au chini, na mbao zitajivuta. Ukiipeleka kwa ndugu Nairobi, itakauka pia. Mwambie muuzaji kazi itakaa wapi. Anayejua kazi atakuuliza yeye mwenyewe kabla hujamwambia.

Ubao haupungui kwa urefu, unapungua kwa upana. Chukua ubao wa inchi 12 ukapungua asilimia 3 tu: umepoteza zaidi ya theluthi ya inchi. Pengo la hivyo katikati ya meza unaingiza kidole. Tena ubao uliopasuliwa sambamba na duara za mti hupungua kama mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wa mti. Tazama kichwa cha ubao: duara zikiwa zimelala, utacheza sana, zikiwa zimesimama wima, utatulia. Kwenye mtiki utaziona duara hizo waziwazi, na muuzaji mzuri atakuachia uchague.

Kipima unyevu cha pini mbili si ghali sana tena, na yadi yenye nacho inastahili kuaminiwa kidogo zaidi. Ila kipimo cha uhakika unaweza kukifanya jikoni kwako. Nunua ubao mmoja kwanza. Kata kipande chembamba, angalau futi moja kutoka kichwani, maana vichwa hukauka mapema na vitakudanganya. Kipime kwa mizani ya jikoni ya gramu. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 za Selsiasi au hapo karibu, ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito ukome kushuka. Kikianza na gramu 230 na kuishia gramu 200, gramu 30 zilizotoka ni maji, na 30 kwa 200 ni asilimia 15. Ubao huo fanyia kazi. Ukipata asilimia 25 au 30, rudi yadi ukaongee, au ununue ukijua utaupanga nyumbani na kuusubiri miezi mingi.

Namna yadi inavyopanga mbao itakueleza mengi kabla hujafungua kinywa. Mbao zimeinuliwa kutoka ardhini? Kati ya kila safu mna vijiti vya kupitisha upepo, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mstari mmoja? Vichwa vimepakwa rangi au nta visipasuke? Juu kuna paa? Mbao ngumu zilizoegemezwa ukutani kwenye jua la saa saba upande mmoja tu zitakuwa zimeshajikunja, hata kama muuzaji ni mcha Mungu. Majira nayo yaangalie. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, yadi za wazi huloa mpaka ndani. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba, ndio wakati mzuri wa kununua akiba.

Omba ukwangue kona

Nenda na kisu au randa ndogo ya mkono, umwombe mwenye yadi ukwangue kona ya ubao. Akikataa, mshukuru uondoke. Chini ya vumbi na rangi ndipo mti ulipo. Mvule uliokwanguliwa upya una umanjano, kisha huiva kuwa hudhurungi ukipigwa na mwanga. Mtiki una mafuta. Ukiupapasa unahisi kama una nta, na harufu yake inakumbusha ngozi. Mninga una michirizi myekundu kwenye hudhurungi, na ni katika mbao tulivu kabisa tunazozipitisha kwenye mashine. Mbambakofi ni mzito, na ukilowa huweza kutoa rangi ya njano inayochafua kitambaa, kwa hiyo usiutengenezee kitu cha kumwagikiwa maji bila kuupaka vanishi vizuri.

Mvule una siri nyingine inayotuhusu sisi. Ndani yake huwa mna mawe, chokaa iliyoganda humo wakati mti ungali hai. Kwa nje huoni kitu, pengine doa jeusi kidogo tu kwenye nyuzi. Kisu cha mashine kikilikuta jiwe, utasikia mlio mkali na kuona cheche, na kuanzia hapo kila ubao unaofuata unatoka na mstari mwembamba ulioinuka urefu wake wote, mpaka kisu kinolewe. Ukiona doa la namna hiyo, lizungushie chaki kabla ya kutuletea. Muuzaji akikuonyesha doa hilo mwenyewe kabla hujalipa, umepata muuzaji.

Sehemu nyeupe ya kandoni mwa ubao, iliyo nje ya moyo, ndiyo chakula cha wadudu. Gonga ubao kwa kiganja. Ukidondosha unga laini na una vitundu vidogo, umebunguliwa, na ukiuingiza nyumbani utawapelekea wadudu samani nyingine. Mwembe hushambuliwa haraka mno. Hata hivyo tunaupenda kwa anayeanza: ni mti wa pwani yetu, ni rahisi, na nyuzi zake hupendeza ajabu ukipigwa msasa. Uulize tu ulipasuliwa lini na ulikaushwa vipi. Mwarobaini nao usiudharau. Wachongaji wa Changamwe waliugeukia, pamoja na mwembe, baada ya mpingo na muhuhu kuadimika, na wanajua wanachokifanya.

Jambo la mbao kuukuu tuliseme wazi. Boriti na mbao za nyumba zilizobomolewa huwa kavu na tulivu, ila zichunguze misumari kwa sumaku kabla ya kitu kingine chochote. Mlango wa nakshi wa Mji wa Kale si mbao. Yeyote anayekuuzia mlango huo au fremu yake uende ukaupasue, usinunue kwake chochote.

Bei

Wengine wanauza kwa futi ya urefu, wengine kwa futi ya ujazo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Zidisha upana kwa inchi, unene kwa inchi na urefu kwa futi, kisha ugawanye kwa 144. Ubao wa 12 kwa 1 wenye futi 12 ni futi moja ya ujazo. Ubao wa 8 kwa 2 wenye futi 9 ni futi moja ya ujazo vilevile. Sasa linganisha bei.

Pima unene mwenyewe, sehemu tatu. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa mnyororo porini huwa inchi moja huku na inchi moja na robo kule, na mashine yetu itafuata pale palipo pembamba. Ubao wa inchi moja usiorandwa ukinyooshwa pande zote mbili unabaki kama robo tatu ya inchi. Ukitaka inchi kamili mwisho wa kazi, nunua inchi moja na robo au zaidi.

Wewe pia uwe mteja anayetamanika. Usiende Jumamosi asubuhi mafundi wakipakia. Nenda katikati ya wiki, baada ya saa nane. Msalimie mzee wa yadi vizuri, mwambie unachotengeneza, na kila ubao uliouvuta uurudishe na vijiti vyake. Usichague mbao nzuri peke yake ukamwachia zenye vifundo zote. Chukua na moja mbili zenye kasoro, utazipatia kazi kwenye vipande vifupi. Uliza mabaki, kwani mafundi wakubwa huacha vipande vya futi mbili vya mtiki ambavyo kwa kasha au kigoda ni dhahabu. Ukienda mara ya pili na picha ya kazi uliyoimaliza, tumeona wateja wetu wakianza kupigiwa simu lori likiingia.

Ubao wowote ulioununua ukaingiwa na shaka, ulete kabla hujaukata. Tunaupima unyevu bila malipo, tunakuambia ni mti gani tunavyoujua sisi, na tukiona bado mbichi hatuurandi hata ukitusihi. Tunakuonyesha namna ya kuupanga na tunaandika tarehe kwenye kichwa chake. Siku za kupitisha mbao chache chache za watu binafsi ni Jumanne na Alhamisi, kwa sababu siku hizo visu vinakuwa vimetoka kunolewa. Njoo na vipimo vyako vimeandikwa kwenye karatasi, na misumari yote iwe imeshang'olewa.