Waya za Manyoya na Nyuki wa Babu

Isevya, Tabora
10 Desemba

Mwanangu Nyamizi,

Hujambo mama? Huku hatujambo. Mvua imeshika na maembe yanaozea chini ya mti kwa kukukosa wewe mlaji. Babu na bibi wape shikamoo zangu.

Juzi kwenye simu ulilalamika kwamba Krismasi inakaribia na sebule ya bibi haina hata puto. Basi, nimempa konda wa basi la Urambo mfuko mweusi. Ndani mna pakiti ya waya za manyoya, 100 za rangi mchanganyiko. Zinatosha wewe na watoto wote wa hapo, na chenji ilibaki.

Ichunguze moja kwanza. Ni waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja, zikabana manyoya katikati. Urefu wake ni kama sentimita 30, sawa na rula yako ndefu. Haitaki gundi wala sindano. Ukiikunja inakaa vilevile, ukikosea unainyoosha na kuanza upya.

Ningekuwa wewe ningeanza na nyuki, kwa kuwa babu ana mizinga na atafurahi. Chukua nusu ya waya wa njano na nusu ya mweusi, uzishike sambamba, kisha uzizungushe pamoja kwenye penseli, mizunguko igusane. Chomoa penseli taratibu. Umepata kiwiliwili chenye mistari, tupu ndani kama mzinga wenyewe. Mabawa ni nusu ya waya mweupe: ikunje iwe kama nambari 8, ipachike mgongoni kwa kupitisha kati ya mizunguko miwili, halafu ukaze. Wangu wa kwanza alitoka kama funza aliyekanyagwa. Wa nne ndiye aliyefanana na nyuki, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Wafungeni uzi, muwaning'inize kwenye tawi la mwembe ndani ya ndoo ya mchanga. Huo ndio mti wenu wa Krismasi.

Nyota nayo ni hesabu tu. Pembe 5 zina pande 10, na waya ni sentimita 30. Kunja kila baada ya sentimita 3 kasoro kidogo, kibaki kipande cha kufungia. Kunja moja kwenda nje, moja kurudi ndani. Wale rafiki zako wa nyumba ya pili wanaofunga Ramadhani watengenezeeni hilali, waiweke mpaka Idd. Buibui, pete, miwani na mnyororo wa mlangoni mtavigundua wenyewe, hamhitaji barua.

Sasa sikiliza vizuri. Ncha za waya hizi zinachoma. Kila unapomaliza, kunja ncha irudi ndani ya manyoya, na vile vipande vidogo vikae mbali na mdogo wako, maana yeye kila kitu ni mdomoni.

Jambo la pili ni babu. Akiziona tu atasema ni zake, na hatakuwa ameongopa sana: waya za namna hii zilianza kama vifaa vya kusafishia kiko. Ila za kiko ni za pamba, zinafyonza uchafu wa tumbaku. Hizi zako manyoya yake ni ya plastiki, hayafyonzi kitu. Mnyime kwa adabu. Ukiona amenuna, mpe nyuki.

La tatu, mkasi wa bibi wa kushonea usiuguse kabisa! Waya unaua makali. Nilipokuwa darasa la tatu nilikatia waya wa uzio mkasi wake, nikitengeneza gari la magurudumu ya ndala. Gari lilitembea vizuri sana. Mkasi haukukata tena hata kanga, na mimi nililala nimejaa mistari kama huyo nyuki. Muulize, hajasahau mpaka leo. Omba koleo la babu, liko kwenye boksi la baiskeli chini ya kitanda.

Mimi na mama yako tutafika tarehe 24 jioni, barabara ikiruhusu. Nitabeba maembe na mkasi mpya wa bibi, lakini usimwambie.

Ni mimi baba yako.