Madaftari ya vyama vya mama zetu msiyatupe

Mhariri,

Nina ombi kwa wasomaji wako wa Pwani, hasa wanaohama au kuuza nyumba za wazee wao. Mkikuta daftari la chama cha akina mama ndani ya kabati au sanduku, tafadhalini msilitupe.

Mimi ni karani wa chama cha akina mama hapa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Hatuna ofisi wala kibao. Tulianza wakati wa mvua za El Niño, mwaka 1997, dari ya jirani yetu ilipoanguka akawa analala na wanawe kwenye ukumbi wa watu. Wanawake sita tulichanga, tukampikia wiki mbili, na hatukuacha tena. Tangu hapo tumenunua sanda, tumelipa karo, tumewapeleka wazee kutolewa mtoto wa jicho. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa sababu ya korona, na ilikuwa katikati ya Ramadhani, tuligawa unga, mchele na tende nyumba hadi nyumba. Hata leo naweza kusema ni mlango upi ulipata kilo mbili na upi ulipata nne kwa kuwa una watoto wengi. Yote yamo daftarini.

Mwezi uliopita alinijia msichana wa chuo kikuu, mwenye adabu zake, anafanya utafiti. Kwenye karatasi yake alikuwa tayari ameandika kuwa vyama vya wanawake wa hapa vililetwa na wafadhili. Sikumgombeza. Nilikwenda kumletea daftari la nyanya yangu.

Nyanya alikuwa mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake wa Pwani. Wasioijua wakisikia ngoma hudhani ni kucheza tu, lakini kile kilikuwa chama: kina viongozi, kina ada, kina sare, na mwanachama akifiwa au akiozesha mtoto, wenzake wote wako mlangoni kwake kabla hajawaita. Vyama viwili vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana mji mzima ukajua. Masheikh hawakuipenda ngoma ile, na baadhi ya waliyoyasema yalikuwa ya haki, maana watu walikopa ili wasipitwe kwa mavazi na karamu. Lakini wanawake wenyewe ndio waliogeuza. Mwaka 1957 ikaundwa Muslim Women's Institute, na 1958 Muslim Women's Cultural Association, wakafundishana kusoma, kushona na kulea. Miaka hiyohiyo wanawake wa Kiarabu wa Mombasa walitia sahihi ombi la kudai haki ya kupiga kura waliyonyimwa. Hakuna mfadhili aliyewatuma.

Daftari lenyewe lina jalada gumu jeusi na limeandikwa kwa hati za Kiarabu, Kiswahili chetu kitupu. Wino umegeuka rangi ya chai. Ukurasa mmoja una alama ya kidole cha mafuta, nadhani aliandika akitoka jikoni. Panasomeka: "Mchele pishi mbili, nyumba ya msiba. Sufuria kubwa imerudi, kifuniko bado." Mistari mitatu chini yake: "Kifuniko kimerudi." Msichana yule alinitazama, akatoa kalamu, akaufuta mstari wake mwenyewe.

Yalikuwa madaftari matatu. Mawili yalichomwa uani siku nyumba ya nyanya ilipouzwa, pamoja na majamvi makuukuu, na waliochoma ni watu wa familia yetu, si wageni. Nilifika jivu bado lina moto. Kwa hiyo siwezi kusema chama cha nyanya kilianza mwaka gani, na hili linaniuma mpaka leo.

Tazameni wenzetu. Januari 2024 akina mama wa chama cha wanawake cha Inner Wheel duniani kote walisherehekea miaka 100, kwa kuwa wanajua kilianza Manchester, Uingereza, tarehe 10 Januari 1924, na Margarette Golding ndiye aliyekianzisha. Maendeleo ya Wanawake nao huhesabu miaka yao tangu 1952. Nawapongeza kwa dhati. Lakini wanawake waliowaosha maiti wa mtaa huu na kuwalisha mayatima wake kabla ya hapo, mwaka wao tutausherehekea lini na hatuujui?

Basi mkilipata daftari, lipigeni picha kwa simu kurasa zote, hata zile zenye hesabu tupu. Hesabu ndizo zinazosema. Kisha ulizeni kwenye maktaba iliyoko Fort Jesus kama watakubali kulihifadhi. Kama wenyewe hamtaki liondoke nyumbani, liwekeni mbali na mchwa na maji ya mvua, na muwaambie watoto ni kitu gani. Na makarani wenzangu wa vyama vya sasa, mnaochangishana kwa simu, andikeni pia kwenye karatasi. Simu ikianguka majini, chama kizima kimezama nayo.

Ambao hawasomi hati za Kiarabu wasione haya. Mimi nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo na macho bado yanaona. Kila siku baada ya swala ya alasiri nakaa barazani Kibokoni mpaka magharibi. Njooni nalo, tutalisoma pamoja.

Karani wa chama cha akina mama,
Kibokoni, Mombasa