Ushaongea na kaka ako?

Mwanangu, asalaam alaykum. Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Eti huyo bosi wa Muscat kakuuliza Mwaka Kogwa ni nini, nawe ukamjibu ni tamasha la watalii. La watalii! Mtoto wa Makunduchi huyo, hapa hapa Zanzibar Mwaka wenyewe unapofanywa, na diploma yako niliyojisifia kijiji kizima.

Haya sikiliza. Ni mwaka mpya wetu huo. Kogwa ni huko kukoga, kuoga, yaani mwaka unakogeshwa, na wazee walikuwa wanakwenda pwani kweli wakakoga ya mwaka uliopita yakaondoka na maji. Jina jengine Nairuzi, hilo la Waajemi, maana yake siku mpya, ila wao yao iko Machi na sisi Julai mana mwaka wetu una siku 365 basi, ile siku ya kila miaka minne hatuiongezi, kwa hivyo unarudi nyuma kidogo kidogo. Mwambie bosi wako hivo, atakuelewa, manahodha wa huko zamani walihesabu misimu ya safari kwa nairuzi hiyo hiyo.

Sasa, ushaongea na kaka ako?

Unaondoka Alhamisi na Mwaka wiki ijayo, hutokuwepo. Watu wa Kusini na Kaskazini hapa watapigana migomba mpaka jasho liwatoke, kibanda cha makuti kitachomwa, halafu watu wanakwenda kula, na aliyekuwa na kinyongo kakiacha uwanjani. Nyie wawili mnataka kukivusha bahari. Habari ya minazi unaijua siirudii. Na mimi ile siku ningenyamaza pengine yasingefika yalipofika, lakini na wewe ulimi wako huo tangu mdogo.

Mpigie. Usimtumie meseji, anazisoma kisha ananionesha mimi, nami nisemeje?

Mwani wa juzi umenyeshewa, nauanika upya, tangi nalo linavuja pale pale ulipoziba. Ulifanya vizuri lakini, limekaa miezi minne. Usinunue koti, Muscat joto, wewe ukiambiwa ng'ambo unafikiri Ulaya.

Kaka ako anapatikana baada ya magharibi akishatoka pwani. Leo, si kesho. Na chaja ya babako umeichukua wewe? Anaitafuta tangu jana na mimi ndo naambiwa nimeipoteza.