Kichanja kimezidi kimo cha mwanikaji

Mhariri,

Mimi naanika dagaa mwaloni Igombe, hapa Ilemela. Kuna mradi ulituletea vichanja vya nyavu ili tuache kuanika mchangani. Wazo zuri, maana dagaa wa kichanjani hana mchanga na bei yake ni nyingine. Ila vichanja vyenyewe vinanifika kifuani, na mimi si mfupi. Katikati mkono haufiki. Kugeuza dagaa mpaka upande juu ya ndoo, mtoto yuko mgongoni, na mvua ya ziwani haisubiri ushuke. Waliochora walikuwa wanaume watupu. Waanikaji hapa karibu wote ni wanawake. Hakuna aliyekuja na futi. Tukamwita fundi mitumbwi, akaikata miguu.

Nikilalamika naambiwa hayo ni mambo ya mwaloni. Haya, twende Marekani. Joy Buolamwini, mtafiti wa kompyuta mwenye asili ya Ghana, aliona kompyuta haiuoni uso wake mpaka avae kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na mtafiti mwenzake Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa sura: kwa wanaume weupe zilikosea chini ya asilimia 1, kwa wanawake weusi mbili kati ya tatu zilikosea zaidi ya asilimia 34. Asiyekuwa na ngozi ile angeligundua lini?

Mradi ujao na uje na mhandisi aliyewahi kuanika. Wapo. Mabinti wa hapa wamemaliza vyuo, wanauza laini za simu.

Mama mwanika dagaa,
Igombe, Mwanza