YAH: Keisi yangu mmeikata hovyo na rejeta mmeitoboa

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Mi ni mteja wenu wa ile keisi ya kompyuta, nyeusi ya chuma, ya zamani, yenye nafasi za sidii kwa mbele, nadhani hata fundi wenu anaikumbuka maana aliniuliza kwa nini nisinunue tu mpya yenye kioo na mataa. Naandika barua kwa sababu kwa simu nimeshapigwa danadana vya kutosha, nikipiga naambiwa fundi katoka, nikituma picha WhatsApp naona tiki za bluu halafu kimya, na siku mliyojibu mkasema "kaka tulia tunalifanyia kazi". Sijatulia. Naomba uisome yote wewe mwenyewe kabla hujamwachia kijana wa kaunta anijibu.

Kazi niliyowapa ilikuwa hivi. Nina kadi ya grafiksi ndefu ya feni tatu, milimita 336, ndo naitumia kurenda (kutoa video iliyokamilika baada ya kuhariri) video za harusi na matangazo, yaani ugali wa nyumbani kwangu unatoka humo. Kwenye keisi haiingii kwa sababu mbele kuna kizimba cha kuwekea hadidiski kimepigwa riveti, kinaacha kama milimita 290 tu. Halafu nina rejeta ya kupozea prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, zile zinazokuja zimeshajazwa maji na kufungwa kiwandani, ya feni tatu, nikataka ikae juu kwenye paa la keisi. Kwa hiyo mtoe kizimba, mkate paa, mtoboe matundu ya skrubu, mpige rangi palipokatwa, basi. Tukakubaliana 250,000, nikatanguliza 150,000 kwa lipa namba na laki iliyobaki nikamalizia siku ya kuchukua. Na sikuja na maneno matupu, niliwaachia rejeta yenyewe, kadi yenyewe, madabodi (bodi kuu ya kompyuta) ikiwa ndani, pamoja na kipande cha boksi nilichokichora kwa kipimo halisi, kila tundu lipo pale, kazi ilikuwa ni kukibandika kwenye paa na kugonga alama kwa msumari.

Hicho kipande cha boksi nimekikuta chini ya mfuko kimekunjwa kunjwa kina mafuta ya chipsi. Hakina alama hata moja ya msumari. Yaani kilitumika kuwekea chakula.

Sasa kama kipimo changu hakikutumika, kilitumika kipi? Kwa ninavyoona mimi, fundi kasoma kwenye boksi la rejeta imeandikwa 360, akavuta tepu akapima 360 akaanza kukata kutoka ukutani kabisa kwa nyuma. Jamani 360 ni feni tatu za 120 zikipangwa mstari, siyo urefu wa rejeta! Rejeta ina tanki kila upande, pale maji yanapogeukia na pale mipira inapoingilia, ya kwangu ukiipima na hayo matanki ni milimita 397. Ndo maana alipoiweka tanki la nyuma likagonga ukuta wa keisi, ikabidi asogeze kila kitu mbele na kukata tena, na matokeo yake paa langu sasa hivi lina uwazi nyuma unaopitisha vidole viwili, mende akitaka anaingia na familia. Mtu aliyekuwa na rejeta mezani kwake anakosaje kuipima?

Matundu ya skrubu nayo ni yale yale. Feni ya 120, iwe ya bei rahisi iwe ya bei mbaya, matundu yake yameachana milimita 105 kutoka katikati hadi katikati, na feni zikigusana, kutoka tundu la mwisho la moja hadi la kwanza la jirani yake ni 15. Hiyo haibadiliki ndo maana unaweza kuchanganya feni za kampuni yoyote. Kwenu tundu la kwanza liko sawa, la pili limekimbia kidogo, la tatu limekimbia zaidi, na badala ya kusimama akaamua kuyavuta kwa grinda mpaka yamekuwa marefu kama matundu ya vifungo vya shati. Skrubu nyingine ikabidi iwekewe washa kubwa ili isidumbukie. Hayo yote ningevumilia aisee, ningesema ni sura tu, keisi iko chini ya meza nani anaiona.

Lililonifanya nikae chini niandike ni skrubu zenyewe. Rejeta ile ilikuja na vipakti viwili, kimoja cha skrubu fupi na kimoja cha ndefu. Ndefu ni za kupita kwenye feni, maana feni ina unene wa milimita 25, kwa hiyo skrubu ya 30 inapita feni inashika rejeta kwa milimita chache tu. Fupi ni za pale rejeta inapokaa moja kwa moja kwenye bati la keisi bila feni katikati. Fundi wenu rejeta kaigusisha kwenye paa, feni kaziweka chini, sawa kabisa, ndivyo nilivyotaka, lakini kwenye paa kakaza zile ndefu. Bati lina unene wa kama milimita moja. Maana yake zaidi ya sentimita mbili na nusu za skrubu zilikuwa zinatafuta pa kwenda ndani ya rejeta ambayo yenyewe unene wake ni milimita 27, na chini ya tundu la skrubu kuna mifereji ya aluminiamu inayopitisha maji, myembamba mno, inatoboka kama soda ya kopo. Skrubu mbili zimeingia kwenye mifereji. Na hazikuingia kirahisi, vichwa vimelika vyote, inaonyesha skrubu iligoma na yeye akaisukuma na drili. Fundi yeyote skrubu ikigoma anasimama anajiuliza, sasa huyu aliona imegoma akaongeza nguvu!

Nilifika nayo nyumbani Kigamboni nikawasha. Pampu ikaanza kukoroma, na joto la prosesa likapanda mpaka nyuzi 100 nikiwa bado kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio ya mwanzo, sijafungua hata Windows, mashine ikajizima yenyewe. Nikafungua ubavu, nikakuta maji yametiririka kutoka kwenye paa, yamepita kwenye mapezi ya rejeta, yakadondokea mgongoni kwa kadi ya grafiksi, kuna doa limekauka na jingine bado bichi karibu na soketi ya umeme. Nimeichomoa, nimeifuta na spiriti, nimeiweka, sijathubutu kuiwasha tena. Na rejeta yangu hiyo haina kifuniko cha kuongezea maji wala haizibwi na gundi, ikitoboka imekufa.

Siku nachukua niliuliza mmeitesti? Nikajibiwa "tumeitesti iko poa kabisa". Naomba muniambie mlitesti nini, maana mngeiacha imewaka muda wa kunywa chai tu mngeona wenyewe inazima.

Kuna na hili la chenga za chuma. Niliwaambia kwa mdomo wangu, kabla ya kukata mtoe kila kitu ndani, madabodi, pawa saplai, vyote, mimi mwenyewe nikajitolea niitoe pale pale nikaambiwa "usijali tutatoa". Haikutolewa. Najua haikutolewa kwa sababu chenga za chuma nimezikuta ndani ya sloti ya kadi, nimezikuta nyuma ya madabodi, na nimezikuta zimejirundika katikati ya feni ya nyuma kwa sababu mota ya feni ina sumaku, inazivuta zote. Kuna vipande vya nailoni vimeyeyuka na kuganda kwenye hitisinki (chuma cha kupozea chipu), nahisi ndo "kinga" mliyofunika wakati grinda inapiga cheche. Chenga moja tu ikilala kati ya pini mbili madabodi inaungua, na haiungui leo, inaungua mwezi ujao nikiwa katikati ya kazi ya mtu, halafu mtasema si sisi. Hapa nilipo nazitoa na mswaki na bloa na bado zinaendelea kutoka kila nikiigeuza.

Kizimba mmekitoa kweli, na kadi sasa inaingia, hilo nawapa haki yenu. Ila kile kizimba siyo cha kushikia hadidiski tu, kwenye keisi za zamani ndo kinachounganisha sakafu na sehemu ya sidii, ukikitoa mbele panabaki panacheza. Kwa hiyo unapokitoa unaweka kipande cha engo (chuma cha pembe) kusimama badala yake, riveti mbili juu mbili chini, kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye drili mkononi. Hamkuweka. Keisi imepinda kidogo kwa mbele, mfuniko wa ubavu nikiuingiza nyuma mbele unatoka, nikiusukuma mbele nyuma unatoka. Mashimo ya riveti za zamani yameachwa wazi na ncha zake, mkono wangu una mchaniko wa kuanzia kidole gumba, na kingo za paa hazikupigwa tupa wala rangi wala ule mpira wa kuzungushia. Mimi nakaa karibu na bahari, bati tupu huku halimalizi wiki, kutu imeshaanza kutoka kwenye kona zote mlizokata.

Nilipowapigia siku ile mkanipa sababu kwamba keisi yenyewe ni ya zamani, "haiendani na vitu vya kisasa". Hapana bosi. Mpangilio wa ATX, yaani vipimo vya pamoja vya madabodi na keisi, ulitolewa na Intel mwaka 1995 na mpaka leo matundu ya madabodi yako pale pale, bodi kamili ni milimita 305 kwa 244, sloti zinaachana milimita 20.32, pawa saplai inaingia na skrubu zake nne. Madabodi yangu ni ya juzi juzi na imekaa kwenye keisi hiyo bila kusumbua. Kilichobadilika ni kadi zimekuwa ndefu na watu wanapozea kwa maji, na hivyo viwili ndo nilivyowaletea mvitafutie nafasi, na kwenye bango lenu mmeandika mnafanya kazi hiyo. Keisi niliichagua kwa sababu bati lake ni nene, ukilikata vizuri linabaki imara, hizi mpya nyingi ukizibinya zinaitika.

Sababu ya pili mliyonipa ni kwamba kwenye risiti imeandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Kwanza hiyo ni risiti ya kuandika kwa mkono, ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sijapewa mpaka leo na naidai. Pili mimi sikununua bidhaa, nimelipia ufundi, na vifaa vilivyoharibika ni vyangu vilivyokuwa mikononi mwenu. Maandishi ya chini ya risiti hayawezi kumruhusu mtu atoboe mali ya mteja kisha amfungie geti. Kuna Tume ya Ushindani, na kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 ambayo ina sehemu za kumlinda mlaji, sipendi kufika huko kwa sababu kunatupotezea muda wote, ila picha ninazo, video ya maji ninayo, muamala wa lipa namba upo.

Ninachotaka hakina mambo mengi. Rejeta mpya ya aina ile ile au hela yake kwa bei ya dukani ya sasa, siyo ya mtumba. Hela ya ufundi yote 250,000 irudi, sitaki murudie kukata nyinyi, kuna fundi wa mageti huku kwetu ameiangalia akasema anaweza kunipandishia bati jipya la paa na engo ya mbele, gharama yake mtalipa nyinyi na nitawatumia makadirio aliyoniandikia. Kadi ya grafiksi ipelekwe kwa fundi wa elektroniki tutakayekubaliana pande zote mbili aikague kabla haijawashwa, nyinyi mkiwa mmelipia, na ikionekana imekufa hapo tutaongea lugha nyingine. Madabodi nayo nataka mniandikie kwamba ikipata shoti ya chenga ndani ya miezi mitatu ni juu yenu. Kuomba radhi mkitaka ombeni, sikuweka kwenye madai.

Nina kazi za wateja wawili zimesimama, nimekodi kompyuta ya jirani kwa siku na hiyo hela nayo naiandika. Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo mnijibu kwa maandishi, barua au WhatsApp vyote sawa, ila siyo kwa simu, na ajibu mtu mwenye mamlaka ya kutoa hela. Rejeta iliyotobolewa na zile skrubu mbili zenye vichwa vilivyolika nimeziweka kwenye mfuko, msitume mtu wa bodaboda kuja kuzichukua "kwa ajili ya uchunguzi", mtazipata siku mnaniletea mpya.

Mteja wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam