Dada, nyumba ya bibi isiuzwe (nakuandikia toka Lisbon)

Dadangu Mwanaisha, assalam aleikum. Voice note zako nimezisikiza zote, na ile ya Ami kutaka kumuuzia mwekezaji nyumba ya bibi nimeirudia mara mbili ndio nikaamini. Kunyamaza kwangu si dharau, tulikuwa baharini na bando la melini ni ghali. Leo tumefunga gati Lisbon, nimepewa ruhusa mpaka saa sita usiku, na mwambie mama nimepandishwa cheo, mimi ndio msimamizi wa jikoni zamu ya usiku, watu kumi na mmoja chini yangu na wote waniita chifu. Miguu inavimba kidogo lakini si kitu.

Sasa nisikize. Meli inafunga chini kabisa ya mtaa unaitwa Alfama, yaani ukitoka getini ukivuka barabara ushaingia vichochoroni. Wallahi nilisimama. Ni Kibokoni yetu ya Mombasa dada! Kichochoro watu wawili wakipishana mmoja ageuka ubavu, nguo zimeanikwa madirishani, vikongwe wamekaa mlangoni wanasema na kila apitaye, tofauti ni kwamba huku ni ngazi tupu, wapanda mpaka magoti yalia. Na jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji ya moto, maana Waislamu walikaa mji huu zaidi ya miaka 400 mpaka wakanyang'anywa 1147. Mwezi huu wa sita wana sikukuu ya Mtakatifu Antonio wao, vichochoro vyote vimetandwa mapambo ya karatasi juu kama wakati wa Maulidi, na kila kona wanachoma sadini kwa mkaa. Ule moshi ulinitoa machozi, na si moshi peke yake.

Nikateremka mjini. Huko mitaa imenyooka kama rula, kwa sababu tarehe 1 Novemba 1755 kulipiga tetemeko watu wakiwa kanisani, halafu bahari ikapanda, halafu moto, mji ukaisha, akaja waziri wao mmoja, Marquês de Pombal, akaujenga upya. Alfama ile ya vichochoro ndiyo iliyosalimika kwa wingi. Mwisho wa mtaa kuna tao kubwa jeupe linatazama uwanja wa pwani, na juu yake pamoja na wengine amesimamishwa Vasco da Gama. Nilimwangalia sana. Huyu ndiye aliyetia nanga kwetu Mombasa 1498, hawakuelewana na wenyeji akaenda zake Malindi, na wenzake wakarudi 1505 wakauchoma mji. Huku ni shujaa. Nikakumbuka bibi alivyokuwa akitupeleka Ngomeni, Fort Jesus, jioni akituambia Mreno alitolewa hapa 1698, na nikajikuta natembea kifua mbele. Maneno yao tunayo bado, mkahawani nimesoma mesa nikajua ni meza, na kanisa waliita igreja, ndio gereza letu hilo.

Karibu na huo uwanja kuna feri. Watu wateremka na mifuko ya soko, wamechoka, watoto wamelala mabegani. Likoni tu. Hapo nilikaa karibu nusu saa, jua lenyewe lachwa saa tatu usiku.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili. Kwenye uwanja wa São Domingos, ambapo Waafrika hukutana jioni, nimepata mzee Mmwani wa kisiwa cha Ibo, Msumbiji, Kimwani chake na Kiswahili changu tukasikilizana vizuri. Amepanga Alfama miaka mingi, nyumba ikauzwa, mnunuzi akageuza vyumba vya watalii, sasa yeye akaa ng'ambo ya mto na huja kwa hiyo feri kuwaona wenzake. Nikarudi juu nikaangalia kwa jicho jingine, nikaona milango chungu nzima ina visanduku vidogo vya funguo vya kubonyeza namba, ndani hamna mwenyewe, ni mgeni wa siku tatu. Huyo mwekezaji wa Ami ataka nyumba yetu kwa kazi gani, si hiyo hiyo? Na sisi mama tumpeleke wapi, Mtwapa akapange?

Ami ni mkubwa wetu na heshima yake iko palepale, lakini nyumba ya bibi si yake peke yake na mwambie nimesema mimi. Imeniuma kwamba mlikaa kikao mkanihesabu sipo. Niko. Nimekutumia elfu sitini kwa Mpesa, fundi abadilishe boriti za chumba cha juu kabla mvua za vuli, na risiti zote uzipige picha. Za harusi ya Swaleh sina kwa sasa, asinune, mwezi wa nane nitaangalia. Hati ya nyumba ichukue kwa Ami, mpe mama aifungie kashani.

Saa tano na nusu hii, narudi melini. Nipigie picha mlango wa chini, ule wa nakshi, uufute vumbi kwanza. Nimemwahidi yule mzee nitamwonyesha tukipita tena.

Mdogo wako,
Abdalla