Vizuia tochi vya mitandaoni ni hasara mara mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo wanaouza mitandaoni vifaa vya "kuzuia tochi" (ile rada au kamera ya trafiki ya kupima mwendo), pamoja na madereva wanaovinunua. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Morogoro, na kila wiki haikosi dereva wa njia ya Dodoma anayeniuliza: fundi, nikifunga hiki, trafiki hanipati?

Watu wanachanganya vitu viwili. Kipo kifaa kinachonusa tu, kinakupigia kelele kwamba mbele kuna rada. Hicho kinapokea mawimbi kama redio yako ya kwenye gari. Kizuia rada ni kitu kingine kabisa, kwa sababu chenyewe kinarusha mawimbi ili kuivuruga rada, na hapo sheria inakubana hata kama hujawahi kuzidisha mwendo. Wauzaji hupenda kusema "mzigo wa Marekani". Huko Marekani kinusa rada kinaruhusiwa kwenye magari binafsi karibu majimbo yote, ukiiacha Virginia. Kizuia rada ni marufuku nchi nzima, kukiuza na kukitumia, chini ya sheria yao ya mawasiliano ya 1934. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kifaa kinachorusha mawimbi kinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mwulize muuzaji akuonyeshe hiyo idhini uone atakavyobadilisha mada.

Tuache sheria. Kinafanya kazi? Mteja mmoja aliniletea chake, nikakifungua mezani mbele yake. Ndani kulikuwa na taa nyekundu, kipaza sauti kidogo cha kulia "tii", na saketi ya kuwasha hivyo viwili. Antena iliyochomoza juu haikuunganishwa na kitu chochote. Akakaa kimya, kisha akaniuliza kama naweza kumtafutia "ile orijino".

Hata hiyo orijino isingemsaidia. Tochi nyingi za mkononi zinazopiga picha gari hupima kwa miale ya leza, na kizuia rada hakigusi leza. Vipo vizuia leza kweli, tena ghali. Lakini leza ikivurugwa, askari anaona hitilafu kwenye kioo cha tochi, na ikitokea kwenye gari lako tu wakati magari ya mbele na nyuma yamesomeka vizuri, hahitaji shahada ya uhandisi kukusimamisha. Uingereza kuna dereva aliyefunga kifaa cha namna hiyo akapita mbele ya gari la kamera. Mwaka 2018 alifungwa miezi 8, na kosa lililomfunga halikuwa mwendo kasi bali kupotosha mkondo wa haki. Sisi faini ya mwendo ni shilingi 30,000. Mtu anatoa laki kadhaa kukwepa elfu thelathini, halafu anajitafutia kesi kubwa zaidi!

Malalamiko ya madereva nayaelewa, na mengine ni ya haki. Kuna vijiji ambako kibao cha 50 kipo, cha kumaliza 50 kimeng'olewa, askari yuko kichakani, picha inatumwa kwa mwenzake aliye mbele. Hayo tuwaulize TANROADS, wakala wa barabara, na wakuu wa usalama barabarani.

Kabla ya hapo, pima matairi yako. Magari mengi ninayopokea yamebadilishwa matairi yakawekwa makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 10, mshale wa dashibodi hausomi tena kama ulivyopangwa: gari lililokuwa likionyesha 50 sawasawa sasa linakwenda 55 huku mshale ukiwa palepale kwenye 50. Wengi wanaoapa mbele ya trafiki kwamba hawakuzidisha wanasema kweli kwa jinsi walivyoona. Kulinganisha mshale na GPS ya simu ni kazi ya dakika chache, na gereji kwangu sitozi.

Fundi umeme wa magari,
Morogoro